Feni Yuko Mezani

Chumba cha kupanga cha kijana mmoja, Sinza, Dar es Salaam. Februari, saa nane mchana. Ndani ya kompyuta ndogo iliyokalishwa juu ya zulia, wakazi wamo kikaoni. Mwenyekiti ni Kasha. Feni wa mbele anahudhuria akiwa mezani, kwa kuwa hana tena makazi.

KASHA: Ajenda ni moja tu: joto.

KADI: Mwenyekiti, kabla hujaendelea, naomba cheo changu kitambuliwe. Kadi ya picha, RTX 4080.

VUMBI: Tumekitambua, mheshimiwa. Taa zako zinatufikia mpaka huku kwenye chujio.

FENI: Shikamoo, Mzee Prosesa.

PROSESA: Marahaba, mwanangu. Tangu uondoke sijapata pumzi. Nakaa juu ya huyu mgeni, na anachokitema yeye ndicho ninachokivuta mimi.

KADI: Basi mzee ahame.

KASHA: Tuheshimiane. Kwenye boksi langu imeandikwa nafasi ya kadi ni milimita 310. Mgeni ana 304. Kijana aliposoma hivyo alishangilia dukani.

FENI: Hiyo 310 ni bila mimi. Unene wangu ni milimita 25. Nikiwepo zinabaki 285.

KASHA: Ndiyo maana uliombwa kupisha.

FENI: Niliombwa na nani? Nilifunguliwa skrubu nne, nikawekwa hapa pamoja na chaja mbovu. Aliyekuwa analeta hewa katolewa ili aingie anayeunguza, na kikao hiki kinauliza joto limetoka wapi!

KADI: Angetafutwa feni mwembamba.

FENI: Binamu yangu ana unene wa milimita 15. Zinabaki 295. Bado unazidi kwa milimita tisa.

KADI: Watu wa hadhi hawanunui kadi kwa rula.

SAPLAI: Mimi sina hadhi, nina wati 650. Waliomtengeneza huyu bwana wanashauri saplai ya umeme ya wati 750. Peke yake anakula mpaka 320, na karibu zote anazirudisha humu kama joto. Mechi ikikolea, mimi natetemeka.

KADI: Vumilia.

SAPLAI: Nikishindwa kuvumilia, mheshimiwa, tunazima sote.

KIOO: Na mimi, kioo cha ubavuni, nina langu. Plagi ya Kadi inatazama upande wangu. Kijana alipoona sifungiki, alinisukuma kwa goti. Sasa waya umekunjwa palepale unapoingia.

SAPLAI: Mungu wangu! Mwaka 2022 plagi za aina hiyo ziliyeyuka kwenye kadi za RTX 4090. Nvidia walisema tatizo walilolikuta zaidi ni plagi kutosukumwa mpaka mwisho. Yetu imefika mwisho?

KIOO: Mimi niliwekwa ili taa zionekane. Mambo ya plagi siulizwi.

VUMBI: Sisi hatuna malalamiko. Feni wa nyuma anatoa hewa na hakuna anayeiingiza, kwa hiyo inavutwa kwenye kila ufa, na sisi tunaingia nayo. Zamani tulikuwa tunazuiwa mlangoni. Matundu ya chini nayo yamezibwa na zulia. Maendeleo makubwa!

PROSESA: Kadi, mwanangu, siku hizi unafanyaje ukizidiwa na joto?

KADI: Napunguza mwendo kidogo. Ni busara ya kiongozi.

PROSESA: Basi kijana kalipia kasi ambayo huitoi. Tena skrini yake ni ya hezi 60. Unamchorea picha 150 kwa sekunde, anaona 60, na wote tunaungua kwa zile asizoziona.

KADI: Hilo naomba lisiandikwe kwenye kumbukumbu.

KASHA: Limeshaandikwa. Mzee, toa mapendekezo.

PROSESA: Kasha liinuliwe kutoka kwenye zulia, na chujio lisafishwe.

VUMBI: Tunapinga!

PROSESA: Picha zifungwe kwenye 60. Kadi awekewe kikomo cha asilimia 80, yaani wati 256. Kasi itapungua kidogo tu. Waya unyooshwe, hata ikibidi Kioo akae kando.

KIOO: Na taa atazionaje?

PROSESA: Tena tusidanganyane. Nje ni nyuzi 33. Feni huisogeza hewa, haiipozi. Hata tukifanya yote hayo, hatuwezi kuwa baridi kuliko chumba.

KADI: Na Feni?

FENI: Mimi sirudi ukiwa humo. Milimita hazina rushwa. Dukani, rafu ileile, alikuwepo ndugu yako mdogo, RTX 4070: urefu milimita 244, wati 200, na saplai ya 650 inamtosha. Angeingia na mimi nikiwa kazini. Kijana alimwona akasema ni mfupi.