Nunda wa Barabara ya 15

Ofisini kwangu watu wazima na ndevu zao hubisha hodi. Nikifika Ngamiani, Tanga, kwa mama, cheo chote nakiacha barazani pamoja na viatu. Ndani ya ile nyumba ya barabara ya 15 mimi ni mtoto wa kushika tochi, na kwenye msako wa paka shume hakuna kazi duni kuliko hiyo. Mwenye mtego anasifiwa, mwenye chambo anashukuriwa. Mwenye tochi anaulizwa, "Kwani ulikuwa unamulika wapi?"

Tuliyekuwa tukimsaka ni dume la rangi ya majivu, sikio moja limetobolewa kama tikiti ya basi, mashavu yamemjaa. Hayo mashavu, nilikuja kuambiwa, ni kazi ya homoni: dume asiyehasiwa hufura uso, ngozi ikawa nene, akiumwa kwenye ugomvi meno yanaishia hapo. Mama alimpa jina Diwani, kwa kuwa huonekana penye chakula tu, na ukimwita kwa shida yako hageuki.

Makosa yake yalikuwa mengi. Alishatoa kibua kikaangoni mafuta yakiwa bado yanachemka, mama akavumilia. Alishapigana juu ya bati saa nane za usiku mpaka watoto wa jirani wakaamka wanalia. Mama akavumilia, akasema hata binadamu wana ndoa zao. Kisha alasiri moja akaingia chumbani, akageuza mgongo, akanyanyua mkia na kuupiga mkojo msala wa mama. Nilipigiwa simu nikiwa kikaoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unakuja lini kumkamata mwenzio?"

Majirani walikuwa na njia zao za mkato. Mmoja alishauri sumu ya panya ndani ya matumbo ya samaki, mwingine akasema tumtie kirobani tukambwage Deep Sea, kwenye soko la samaki, akajitegemee. Mama alikataa yote mawili. Sumu haichagui, alisema, asubuhi itamkuta kuku na jioni mtoto wa mtu. Na kumpeleka Deep Sea ni kumpandisha cheo.

Daktari wa mifugo alikuwa na sababu yake nyingine. Ukimwondoa dume mmoja mahali penye jalala na vichwa vya samaki, nafasi haikai wazi. Anahamia mwingine, maana kinachowaita ni chakula. Afadhali umhasi huyo huyo, umchanje kichaa cha mbwa, umkate ncha ya sikio akiwa bado kwenye nusukaputi ili ajulikane kwamba keshapita, umrudishe alikotoka. Majike nao vivyo hivyo, kwani jike hubeba mimba miezi miwili tu na anaweza kushika nyingine hali wale wa kwanza bado wananyonya. Nilipomweleza mama hesabu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema kliniki ya uzazi wa mpango imechelewa sana kufika mtaa huu.

Mtego alitutengenezea fundi wa kuchomelea: kasha la nondo nyembamba na wavu, mlango wa kuporomoka, na kikanyagio kwa ndani. Paka akikikanyaga, pini inachomoka, mlango unashuka. Fundi alisema keshatengeneza mingi ya panya, na huu ni ule ule ila kaukuza. Alikuwa kaukuza kweli. Tulipoujaribu kwa mpini wa ufagio, mpini ulikatika vipande viwili, na mama akataka kujua kama tunakamata paka au tunachinja. Nikaurudisha kwa fundi, akapunguza chuma na kugundisha sponji chini ya mlango.

Ukaja ugomvi wa chambo. Mimi nilitaka papa mkavu, kwa ajili ya harufu. Mama akasema mgeni hapewi papa wa mwezi uliopita. Akakaanga kibua kizima, akakikamulia ndimu, akakiweka kwenye kisahani cha maua. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba paka hawapatani na harufu ya ndimu.

"Weye umesomea paka?"

Sikuwa nimesomea paka. Usiku ule Diwani alikuja, nilimwona kwa tochi, akanusa kutoka mbali, akatutazama mimi na mama kwa zamu, akaenda zake.

Msomaji aliyelelewa na bibi anaijua hadithi ya Sultani Majinuni na paka wake. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Unguja, aliichapisha London mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili, lakini mama aliipata kwa mama yake, ambaye habari za Steere hakuwa nazo wala hakuzihitaji. Paka anaanza kwa kula mifugo ya sultani. Kila akishitakiwa, sultani anajibu kwamba paka ni wake na mali ni yake, basi kelele za nini? Paka anakua, anageuka nunda, anakula watu. Ndipo mtoto mdogo wa sultani anaingia porini kumwinda, na kila mnyama anayemwua anampelekea mama yake amtazame kama ndiye. Anaanza na mbwa, anapanda hadi twiga, kifaru, tembo, na mama anamwimbia kwamba siye. Utotoni nilimwonea fahari sana yule kijana. Sasa nina mgongo unaouma, na kinachonishangaza ni kwamba katika hadithi nzima hakuna aliyemwambia yule mama atoke aende akatazame mwenyewe huko huko porini.

Maana kwetu mambo yalikwenda hivyo hivyo. Alfajiri moja nilikuta jogoo mtegoni, kachukia, mkia nusu uko nje. Nikaubeba mtego mpaka jikoni. "Siye," mama akasema, bila kuinua macho kwenye chapati. Akafuata paka mweupe wa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye utepe mwekundu shingoni. Siye, na nikatumwa kumrudisha kwao pamoja na sahani ya chapati za kuombea radhi. Kisha mama akaamua kuongeza ndizi mbivu kwenye kisahani, ati huenda Diwani kachoka na samaki, na usiku huo mtego ukalia kama mtoto mchanga. Nilikimbia na tochi, moyo uko kooni. Ndani yalikuwapo macho mawili ya duara, makubwa kuliko uso wenyewe, na vidole vyembamba vyeusi vimeushika wavu, kimoja kimoja, na kucha zake, kama mfungwa anayesubiri wakili. Komba, katoka kwenye mwembe. Ganda la ndizi alikuwa kalilaza juu ya kisahani, nadhifu kuliko wajukuu wa mama.

"Siye," mama alisema kutoka dirishani. "Mfungulie, na umpe pole."

Aliyemnasa Diwani, nasema bila kutafuta sifa, ni papa wangu. Mama anasema ni harufu ya kibua iliyobaki wavuni. Hilo tumekubaliana tusilizungumze mbele ya wageni.

Alinaswa saa tatu usiku, na hapo ndipo shida ilipoanza. Daktari alikuwa kasisitiza kwamba paka afike na tumbo tupu, asile tangu usiku, la sivyo atatapika kwenye nusukaputi na matapishi yatamwingia mapafuni. Mama naye ana hadithi ya Mtume iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: kamfungia mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie. Diwani alikuwa kafungiwa. Diwani alikuwa analia. Mama akatoka na bakuli la wali na mchuzi.

"Mama, daktari kasema afunge."

"Afunge! Kesho anasafiri, na msafiri ana ruhusa ya kula."

Nilimpigia daktari, daktari akaomba aongee na mama, mama akasema hawezi kuongea na mtu anayeshindisha viumbe na njaa. Akapiga simu kwa ustadhi wa madrasa. Ustadhi, mtu mwenye busara, aliuliza kama nia ni kumtesa au kumtibu, akasema kama ni tiba basi hakuna dhambi, na maji apewe. Mama akakubali kwa sharti: nilale barazani kando ya mtego, niwe shahidi kwamba hajafa.

Nililala barazani, au tuseme nililazwa, kwani Diwani aliimba mpaka adhana. Kati ya beti nilisoma kwenye simu kwamba mwaka 2004 wanaakiolojia wa Kifaransa walitangaza kaburi la miaka kama 9,500 kule Kupro, mtu kazikwa na paka karibu yake. Asubuhi nikamsimulia mama. Akataka kujua ni yupi kati yao aliyemwua mwenzake.

Tukaita bajaji. Daktari alikuwa kasema mtego ufunikwe, paka akiwa gizani hutulia, na mama akatoa kanga yake ya pili kwa ubora. Ni kweli, Diwani alinyamaza. Tulifika nusu ya njia tukidhani tumemshinda, mpaka bajaji ilipokanyaga tuta. Mtego uliruka, kanga ikateleza, na Diwani, aliyekuwa amenigeuzia mgongo, akanyanyua mkia. Sitaeleza zaidi, shati lilikuwa la kazini. Dereva alitutazama kwenye kioo, akaegesha pembeni, akasema kwa upole kwamba nauli imepanda elfu mbili. Mama akamwambia mimi ndiye nitakayelipa.

Kliniki waliokuwa wametangulia na mbwa na kuku wao walitupisha mbele bila kuombwa. Dada wa mapokezi alifungua kitabu, akauliza jina la mwenye mnyama.

"Huyu hana mwenyewe," mama akasema.

"Lazima niandike jina, bibi."

Mama akanyoosha kidole. Ndivyo ilivyo kwenye kadi ya chanjo mpaka leo: paka, dume, majivu, na jina langu kamili la kazini, hadi la babu.

Upasuaji wa dume hauchukui muda. Hata kijasho cha mama hakijakauka, daktari alitoka, kijana mpole wa miwani, akaketi naye kumweleza atakayoyaona wiki chache zijazo, homoni zikishamwisha mwilini. Kuzurura usiku kutapungua. Hatagombana tena na wenziwe. Hamu ya chakula itazidi, kwa hiyo aangaliwe, maana watu wa namna yake hunenepa upesi. Muda mwingi atakuwa kajilaza tu mahali pa baridi.

Mama alisikiliza yote, akiitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia, akanitazama nilivyoegemea chini ya feni, kuanzia kitambi kwenda juu.

"Sasa, daktari," akasema, "huyu mbona yuko hivyo hivyo, na hapa sijamleta hata siku moja?"