Kwani Mabasi Hakuna?

Ukivaa kofia ngumu, miwani myeusi inayofunika nusu ya uso na kaptula ya kubana, watoto wa barabara ya Mikumi kwenda Iringa hawakuulizi kabila. "Wazungu! Wazungu!" Wanakimbilia ukingo wa lami na kupunga mikono yote miwili. Sasa wewe jifanye una adabu, uwaitikie "Hamjambo?" Furaha yote inawatoka usoni. "Aaa, Waswahili tu," mkubwa wao akawatangazia wenzake, wakarudi kwenye mpira wao wa makaratasi.

Tulikuwa tunatoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, watu kumi na wawili, na hiyo ndiyo siku ambayo kiongozi wetu alikuwa akiitaja kwa sauti ya chini tangu Morogoro: Mikumi hadi Iringa, kilomita zinazokaribia 190, na katikati yake mlima Kitonga. Jana yake tulipakiwa kwenye gari, sisi na baiskeli zetu, kuvuka zile kilomita 50 za barabara zinazokatiza Hifadhi ya Mikumi. Mle ndani kuna vibao vya faini kwa dereva atakayegonga mnyama, kila mnyama na bei yake kwa dola. Bei ya mwendesha baiskeli atakayegongwa na nyati haijaandikwa, nasi tukaona tusiulize.

Asubuhi ilikuwa nzuri mpaka tairi langu la nyuma lilipookota mwiba wa mgunga. Kundi la watu kumi na wawili lina mafundi kumi na wawili. Mmoja alitaka kiraka, mwingine akasema tyubu mpya, wa tatu akatoa historia ya pancha yake ya Chalinze. Pampu ilikuwa moja, nayo ilikuwa kwenye gari la msaada, na gari la msaada lilikuwa limetangulia kuagiza chipsi. Fundi wa kijijini alikuja na pampu yake ya miguu, akaitazama valvu yangu nyembamba, akaigusa kwa kidole, akasema, "Hii ya hospitali." Akaondoka.

Tulifika Ruaha Mbuyuni jua likiwa utosini. Bonde lile lina mibuyu, mto Ruaha Mkuu na joto, na siku hiyo joto ndilo lilikuwa mwenyeji. Pembeni mwa barabara vitunguu vimepangwa kwenye neti nyekundu hadi macho yanachoka. Tukaingia kwa mama ntilie mmoja tukitembea kwa miguu iliyoachana, maana saa nyingi juu ya tandiko dogo vile zina gharama zake.

"Mmetoka wapi, wanangu?"

"Dar es Salaam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kwa baiskeli?"

"Kwa baiskeli."

Akatutazama mmoja mmoja, akaishia kwenye kaptula zetu, akaondoa macho haraka.

"Kwani mabasi hakuna?"

Nyuma yake yalikuwa yameegeshwa matatu, abiria wanakula. Mwenzetu mmoja, mhasibu, alijitolea kumweleza faida za mazoezi kwa moyo na mishipa ya damu. Alieleza vizuri. Lakini jaribu kumweleza mtu ambaye kwake baiskeli ni gunia la mkaa, ni ndoo nne za maji, ni mgonjwa anayepelekwa zahanati, kwamba kuna watu wameomba likizo kazini na kuchanga fedha ili wapande milima bila kubeba kitu. Mama alisikiliza hadi mwisho, akatuongezea wali bila kuombwa. Tulikuwa tumeeleweka kama watu waliofilisika.

Tulipoaga akatupa vitunguu, fungu zima, "mpate hata mboga huko mwendako." Akatafuta pa kuvifunga. "Na karia iko wapi?" Hatukuwa na karia hata moja. Alisikitika kuliko aliposikia habari za Dar. Vitunguu tukavigawana kwenye mifuko ya mgongoni, na ndivyo nilivyoanza kupanda Kitonga nikinukia kachumbari.

Kitonga haina haja ya kuelezwa kwa aliyewahi kuipanda na basi: kona juu ya kona, korongo upande mmoja, malori ya kwenda Tunduma yakiguna kwenye gia ya chini kabisa. Kando ya lori moja alikuwa akitembea utingo, kandambili miguuni na gogo mkononi, tayari kuliweka nyuma ya gurudumu likianza kurudi. Mwendo wake na wangu ulikuwa mmoja, kwa hiyo tukawa marafiki.

"Braza, hiyo baiskeli bei gani?"

Pumzi ya kujibu sikuwa nayo. Nikainua vidole vitatu.

"Laki tatu?"

Nikatikisa kichwa. Akatembea kimya hatua kadhaa.

"Milioni? Braza! Hiyo si bodaboda mpya kabisa?"

Nikampa vitunguu vyote, akavipokea kwa mikono miwili. Kwenye kona iliyofuata aliniomba radhi kwa upole, akanipita. Nyani waliokaa kwenye kingo za barabara walimtazama yeye, kisha wakanitazama mimi.

Giza lilitukuta Ipogolo. "Iringa hiyo, tumefika!" kiongozi akapaza sauti, tukakumbatiana na kupiga picha. Ndipo mtu mmoja akauliza nyumba ya wageni iko wapi. Kiongozi akaelekeza kidole juu. Mji wa Iringa umekaa kilimani, taa zake zote zikituangalia kutoka huko, na barabara ya kwenda huko inasimama wima.

Hakuna aliyesema neno. Mzee wetu, mwalimu mstaafu ambaye tangu asubuhi hakuwa amelalamika hata mara moja, alishuka, akafungua gurudumu la mbele, akasimamisha bajaji.

"Wanangu," akasema, akiisukuma baiskeli kwenye kiti cha nyuma, "mimi nauli ninayo."

Bajaji inabeba baiskeli mbili, ukizilaza vizuri.