Unyayo wa Tembo

Hapo kale, katika kisiwa cha ukungu kilichokuwa mbali mno na bahari zetu, Sungura alimlipa Fisi pishi kumi za mtama alizokuwa akidaiwa, akarudi kwake akipiga mluzi, na kwa furaha yake akasahau kuichukua hati ya deni. Msimu uliofuata Fisi aliipeleka hati ileile kwa Kobe, hakimu wa sheria. Mashahidi waliapa kwamba deni lililipwa, na Kobe mwenyewe alikiri kuliona gunia likipita mlangoni pake, kisha akaingiza kichwa gambani, na sauti ikatoka humo ndani: "Hati ipo, deni lipo."

Sungura akaenda kumlilia Mfalme Simba. Simba, aliyekwisha kuchoka kuibeba dhamiri yake mwenyewe, alikuwa amemkabidhi Tembo aitunze, naye Tembo aliketi nayo juu ya gunia la sufu. Tembo hakumpinga Kobe: alisema hukumu ni halali na hati ni sahihi, ila Fisi akithubutu kuitumia atalala shimoni mpaka moyo umlainike. Kobe akaghadhibika, akauliza ni nchi gani hiyo yenye mabaraza mawili na kweli mbili. Simba akaamua neno la Tembo liwe juu, na wanyonge wakacheza ngoma hadi alfajiri.

Tatizo ni kwamba Tembo alikuwa akiipima haki kwa unyayo wake, nao ulikuwa mpana, ukamtosha kila aliyeonewa. Alipokufa akarithiwa na Paa, ambaye ukwato wake ulimtosha mchwa tu. Baada ya Paa akaja Kinyonga, mcha Mungu kwelikweli, jicho moja kwa mdai na jingine kwa mdaiwa. Aliinua mguu, akautikisa, akaurudisha palepale, akisema haki haitaki pupa.

Zama hizo Ngiri tajiri alifariki bila wosia, akaacha ghala la mahindi lililofika mawinguni. Warithi walimiminika barazani. Panya, waliokuwa makarani, wakatoza ada ya kuandika, ada ya kunakili, na ada ya kuitafuta nakala iliyopotea mikononi mwao, zote zikilipwa kwa mahindi ya marehemu. Sisemi waliiba, kila punje ilikuwa na stakabadhi yake. Warithi wakazeeka, wakafa, wakaacha watoto waliozaliwa wakiwa tayari wadai.

Asubuhi moja Kinyonga alitangaza kwamba hukumu imekamilika, nayo ni ya haki tupu. Walipolifungua ghala wagawane, walimkuta panya mmoja mnene, akiandika stakabadhi ya punje ya mwisho.