Niombeeni, Naenda Kuhubiri Mwese

Ukialikwa kuhubiri Mwese, anza kwa kukataa. Kataa mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, maana siku hizi kuna wachungaji wanaosadiki upesi. Sema, "Mimi ni nani, mchungaji, hata nisimame mbele ya watu wa Mungu?" kisha nyamaza, umwachie nafasi ya kukubembeleza. Akichelewa, wahi kusema kwamba hata hivyo utalipeleka jambo hilo kwenye maombi. Suti iwe imeshafika kwa dobi.

Ukitaka mfano wa Biblia, mtumie Musa, aliyejitetea kwamba ulimi wake mzito. Ishia hapo. Ukiendelea utakuta alipewa Haruni wa kusema kwa niaba yake, na wewe huna nia ya kugawana dakika zako na mtu.

Sasa omba maombi. Paulo, akiwa kwenye minyororo, aliwaomba Waefeso wamwombee apate ujasiri wa kusema. Wewe una simu. Tangaza kwenye makundi yote: la ukoo, la mliosoma pamoja, la kikoba. "Wapendwa, mtumishi nisiyefaa kitu naombeni maombi yenu, Jumapili nahudumu Mwese, Katavi." Ambatanisha picha yako umeshika kipaza sauti, macho umefumba. Atakayekuombea ajue unakokwenda, na asiyekuombea ajue vilevile. Amina zikija chache, hayo ni mapambano ya kiroho. Tuma tena jioni, watu wakishakula.

Tahadhari moja: usimwombe maombi mtu anayekujua sana. Mke wako, kwa mfano, anaweza kupiga magoti na kutaja jambo lenyewe, kwa jina na siku. Maombi ya namna hiyo huvuruga maandalizi.

Kutoka Mpanda mjini hadi nyanda za juu za Mwese, wakati wa mvua, gari laweza kukwama. Usishuke kusukuma. Tunza nguvu zako kwa ajili ya ushuhuda: "Wapendwa, Shetani amepigana na safari hii!" Watakuitikia kwa adabu. Barabara ni hiyohiyo wanayopita na mgonjwa, na kwao inaitwa barabara.

Hapa napenda tukae kidogo, maana ndipo wageni wengi huponzwa na unyenyekevu wao. Mwese si mahali pa kwenda kufundisha uvumilivu kienyeji. Ukiacha Watongwe na Wabende wenyeji wa upande huo, katika miaka ya 1960 yalifunguliwa huko makazi ya wakimbizi kutoka Rwanda, kundi kubwa likiwa limepitia Kivu, Kongo. TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 kuhudumia wakimbizi, lilishiriki kuyajenga. Mwaka 1980 serikali ya Tanzania ikatangaza kuwapa wakimbizi wa Rwanda uraia. Kwa hiyo bibi anayekutazama kutoka benchi la tatu huenda alivuka nchi mbili akiwa mgongoni mwa mama yake. Wewe umemwandalia somo la kungoja kwa saburi, na mfano wako ni siku ile umeme ulipokatika ukinyoosha shati. Usiubadilishe. Ulichekesha sana Dodoma.

Kuwa mwangalifu pia na watu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda na huku kwetu. Wandugu hao wana tabia ngumu: wakitubu, hutaja. Nilichukua jembe la fulani, nimelirudisha, huyu hapa mwenyewe. Ukiwakuta, usiingie kwenye mashindano hayo. Tubu kwa jumla: "Mimi ni chombo dhaifu." Udhaifu wa jumla hauna mlalamikaji wala fidia, na kwaya itaitikia kwa pambio.

Wala usimtaje Adrian Atiman, ingawa wilaya ni hiyohiyo. Mtu huyo alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Akabaki hapohapo akitibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Ukimtaja, msikilizaji ataanza kulinganisha, na wewe unarudi Jumatatu asubuhi.

Mimbarini, tangaza kwamba hukuandaa chochote, Roho ndiye atakayesema. Kurasa ulizochapa zifiche ndani ya Biblia, na zisidondoke. Shukuru itifaki yote. Rudia kwamba hustahili, ila usirudie hadi waamini. Baada ya dakika arobaini sema "namalizia"; neno hilo huwapa watu nguvu ya kukuvumilia nusu saa nyingine.

Ibada ikiisha kutakuwa na mnada wa sadaka nje: kuku, maharage, mayai. Nunua kitu, kwa bei itakayosikika. Kisha watakuja kukupa mkono. Bibi yule wa benchi la tatu atakushikilia, aseme atakuombea kila alfajiri, ila, mwanangu, jina lako limemtoka. Mtajie taratibu, ukianzia na cheo.