Nyundo Iliyorogwa na Julai

Mtu akijitengenezea nyundo ya mbao kwenye kibanda cha uani hapa Sumbawanga mwezi Machi, akaipiga msasa hadi ikang'aa, ajue kwamba Julai kichwa chake kitaruka. Na kwa kuwa vichwa vya nyundo havirukii mahali patupu, kitatua kwenye sufuria ya maharage. Hapo hakosekani mzee wa kuuliza fundi amekosana na nani. Mji wetu una sifa zake, na sifa hizo zimewasitiri mafundi wengi wabovu. Mimi nashikilia kuwa mshtakiwa ni unyevu, na ushahidi ni kalenda: mbona wachawi hawarushi vichwa vya nyundo wakati wa mvua? Uwanda wa Ufipa huku mjini uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mvua zikikatika Aprili, unaingia upepo mkavu wa baridi unaopasua midomo ya watu, sembuse gogo la mkaratusi lililokatwa juzi. Mti ukikauka husinyaa kwa upana. Kwa urefu haupungui kitu cha kuonekana. Basi mpini unakonda pande zote, ilhali tundu, kwa upande unaofuata urefu wa kichwa, linabaki vilevile.

Wapo watakaosema: piga msumari. Utashika, kisha utakipasua kichwa, na badala ya kipande kimoja kinachoruka utakuwa na viwili. Wengine, na hawa ndio wengi, huilaza nyundo kwenye ndoo ya maji usiku kucha (ndoo yenyewe, kwa kawaida, ni ya maji ya kunywa). Asubuhi imekaza, fundi anatamba; kumbe mpini uliovimba umejibana tunduni hadi nyuzi zake zimepondeka, na ukikauka tena utalegea kuliko jana. Hoja nzito ni ya wale wanaosema Ufipa ni nchi ya chuma. Mababu waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri ndefu za udongo za kama mita 3, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Mjukuu wao agonge kwa gogo kwa nini? Kwa sababu nyundo ya chuma hupasua mpini wa patasi. Isitoshe, malungu yale yalikula makaa: bila mti, mababu wangebaki na mawe yao.

Dawa iko kwenye sururu. Mpini wake ni mnene juu, chuma hupandishiwa kutoka chini, na kila ukiishusha chuma kinazidi kujikaza. Tundu la nyundo lichongwe hivyo hivyo, juu pana, chini jembamba, katika kipande kikavu cha mninga, mti usiosinyaa sana. Mninga ni ghali, ndiyo, lakini masalio yake seremala huyatia jikoni; wahi kabla ya chai. Imebaki hoja moja inayonishinda: nyundo isiyoruka kichwa huazimwa na majirani, na huko inakopotelea unyevu hauhusiki.