Jinsi ya Kukwama kwenye Asilimia 99

Anza kwa kuchagua kazi ndefu. Video ya harusi ya saa tatu, kuanzia kuvishwa pete mpaka keki, inatosha kabisa. Mteja wako ana studio, hataki kuona terminali hata kwa mbali. Anataka dirisha lenye kitufe kimoja na upau unaojaa rangi ya kijani. Nyuma ya dirisha hilo utaificha ffmpeg, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, ambayo haina dirisha wala kitufe na ndiyo itakayofanya kazi yote. Wewe unachora upau tu. Ugumu uko wapi?

Iendeshe ffmpeg kwenye thredi ileile inayochora dirisha, kisha uisubiri imalize. Dirisha litaganda. Windows nayo haina subira: sekunde 5 zikipita bila jibu, inaandika juu ya dirisha kwamba programu haijibu. Mteja ataifunga na kuifungua upya. Ile ffmpeg ya kwanza haikufa, inaendelea kimyakimya kule nyuma. Sasa ziko mbili. Akirudia mara ya tatu, feni ya kompyuta itavuma kama mashine ya kusaga mahindi.

Ukishazinduka, hamishia kazi kwenye thredi nyingine na uanze kusoma kinachoandikwa. Soma stdout, kwa kuwa jina lake linaahidi kwamba matokeo hupita huko. Hutasikia neno. Habari zake ffmpeg huzitolea stderr, kwa sababu stdout inaweza kuhitajika kupitisha video yenyewe. Basi geukia stderr, nawe utapata kitu kama hiki:

frame= 9142 fps= 61 q=28.0 size= 88320kB time=00:06:05.68 bitrate=1978.6kbits/s speed=2.44x

Utamu mtupu. Ila kumbuka huu mstari hukuandikiwa wewe. Umeandikiwa jicho la mtu aliyekaa mbele ya terminali. Wewe umetega sikio dirishani kwa watu. Ndiyo maana ffmpeg haishuki mstari. Inatumia \r, ile alama ya kurudi mwanzo kama gari la taipureta, na kuandika juu ya maneno yaleyale. Kama chombo chako cha kusomea kinasubiri \n ndipo kikupe mstari, kitasubiri mpaka harusi iishe, kisha kikumwagie kila kitu kwa mkupuo. Upau utalala kwenye sifuri saa nzima, halafu uruke hadi mia kabla mteja hajaweka kikombe chini.

Mtego ninaoupenda kuliko yote ni wa mabomba mawili. Fungua bomba la stdout na la stderr, kisha ukae kwenye la kwanza ukingoja lifike mwisho ndipo uguse la pili. Kwenye Linux bomba hubeba baiti 65,536. Likijaa, anayeandika husimama mpaka mtu achote. Piga hesabu: mstari kama ule juu una herufi 90 na kitu, na kwa kawaida hutoka mara mbili kwa sekunde. Baada ya dakika sita hivi bomba limefurika. ffmpeg inakungoja usome, wewe unaingoja imalize, kama wageni wawili mlangoni: tangulia wewe, hapana, tangulia wewe. Uzuri ni kwamba faili lako la majaribio lina sekunde 10, kwa hiyo ugonjwa huu utauonea studioni kwa mteja, yeye akiwa amesimama nyuma ya kiti chako.

Usisahau pia kusahau -y. Faili la jina hilo likiwepo tayari, ffmpeg itauliza kama iandike juu yake, na swali litabaki hewani, kwani mwenye kibodi halioni.

Kuna njia ya halali, na mwongozo huu unaitaja shingo upande. Ongeza -progress pipe:1, nayo ffmpeg itaacha mafumbo: kila jambo mstari wake, jina, alama ya sawasawa, thamani. Kila fungu hufungwa na progress=continue, la mwisho kabisa na progress=end. Urefu wa video unaupata mapema kwa ffprobe, unagawanya, basi. Hapo utajiona umepona. Chukua sasa out_time_ms, uamini kwamba ms ni milisekunde. Siyo. Ndani yake kuna mikrosekunde, sawasawa na jirani yake out_time_us. Upau utapita asilimia mia bibi harusi hajashuka kwenye gari.

Ukishahitimu hapa, jaribu dd. Kwenye Linux ukiipelekea ishara ya USR1 inakuambia imenakili kiasi gani. Ipelekee ishara hiyohiyo kwenye Mac: inakufa papo hapo. Kule walichagua ishara nyingine, INFO.

Mimi nilidhani nimemaliza yote. Kisha mwenye studio akataka video zianze kucheza mtandaoni bila kusubiri, nikaongeza +faststart. Kwa amri hiyo, ffmpeg ikishamaliza kubana picha hulipitia faili upya ili fahirisi yake ihamie mwanzo, na muda wote huo haina cha kuripoti. Simu ikaita.

"Fundi, imefika mia lakini haifunguki."

"Iache kidogo, bosi."

"Mia si ndiyo mwisho?"

Nikarekebisha. Upau sasa unasimama kwenye 99 mpaka ffmpeg itoke yenyewe na kurudisha sifuri, ishara kwamba imemaliza salama. Siku hizi ananipigia ikiwa 99.