GDAL Kabla ya Chai ya Saa Nne

Kijana wa shahada ya uzamili alikabidhiwa ramani za mvua azifungue kabla ya chai ya saa nne. Kazi ndogo. Msimbo alipewa tayari, na mstari wa kwanza uliita GDAL, maktaba ya kusomea data za ramani, basi akaandika amri ambayo kila mwanafunzi wa Python hufundishwa mapema: pip install gdal. Skrini ikajaa maandishi mekundu, na chini kabisa ikamjulisha kwamba anahitaji kwanza Microsoft Visual C++ 14.0 au zaidi. Zana hizo zina uzito wa gigabaiti kadhaa. Bando lake lilibakiza gigabaiti moja, nayo ilitakiwa imfikishe Jumapili.

Wa kumcheka ni nani? Wengi waliofanya sayansi kwa Python wamepita hapohapo. Maktaba iliyoandikwa kwa Python tupu husakinishwa kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Maktaba za sayansi, kwa bahati mbaya, mara nyingi ni Python kwa juu juu tu. GDAL ilianzishwa mwaka 1998 na Frank Warmerdam wa Kanada, nayo ni C na C++. Kinacholetwa na pip, kisakinishi cha Python, ni kipande cha kuunganishia, ambacho hutarajia kuikuta GDAL yenyewe imeshakaa kwenye kompyuta, tena ya toleo linalolingana. Na GDAL haiji peke yake. Ni mgeni uliyemwalika mmoja, akashuka kwenye daladala na ukoo mzima: PROJ wa hesabu za ramani, GEOS wa maumbo, na nyuma yao SQLite na HDF5 bado wanateremsha mizigo.

SciPy nayo, maktaba nyingine ya sayansi, kwa miaka mingi ilibeba ndani yake QUADPACK, mkusanyiko wa Fortran ambao kitabu chake kilitoka mwaka 1983. Kuijenga kulihitaji kompaila ya Fortran, na kwenye Windows hiyo ilikuwa safari nyingine kabisa. Ndiyo maana kwa miaka watu wasiohesabika walikimbilia ukurasa wa Christoph Gohlke wa Chuo Kikuu cha California, Irvine. Yeye alijenga vifurushi vya Windows kimoja kimoja na kuvitoa bure. Ukurasa haukuwa na pambo lolote, na makampuni na vyuo vikuu viliutegemea bila hata kumpungia mkono. Mwaka 2022 ufadhili wa maabara yake ulikwisha, huduma ikasimama, na ghafla watu wakagundua kuwa nyuma ya viungo vile alikuwepo binadamu.

Njia nyingine ilikuwa imeshaanza. Mwaka 2012 kampuni ya Continuum Analytics, ambayo mmoja wa waanzilishi wake ni Travis Oliphant, muasisi wa maktaba ya hesabu ya NumPy, ilitoa kisakinishi cha conda. Hii haikujali kama kifurushi ni Python, C au Fortran. Ilileta vyote vikiwa vimeshajengwa. Mwaka 2015 watumiaji wenyewe wakaanzisha conda-forge, chaneli inayoendeshwa na watu wanaojitolea, ambayo leo ina resipe, yaani maelekezo ya kujenga vifurushi, zaidi ya 20,000. Kijana wetu alipoelekezwa huko na dada wa ofisi ya jirani, GDAL ilishuka na ukoo wake wote bila kudai kompaila.

Ilishuka, lakini baada ya kusubiri. Kwa miaka conda ilisifika kwa maneno “Solving environment” na kijistari kinachozunguka, kikizunguka, kikizunguka. Si uvivu. Kuchagua matoleo ya mamia ya vifurushi ili kisigombane hata kimoja ni miongoni mwa mafumbo magumu ya hesabu. Mwaka 2019 Wolf Vollprecht akatoa mamba, mbadala wa conda wenye kasi, iliyokopa kitatuzi cha libsolv kutoka openSUSE, na kitatuzi hicho kikaja kuwa cha kawaida ndani ya conda yenyewe kuanzia toleo 23.10. Waliozoea kwenda kunywa chai wakati kijistari kinazunguka walipoteza kisingizio.

Balaa lililonoga zaidi humpata anayechanganya pip na conda katika mazingira mamoja. Hapo kompyuta yaweza kujikuta na nakala mbili za maktaba ya OpenMP, na programu inakufa ikitaja kosa namba 15. Ujumbe wa kosa hilo ni wa aina yake: unakupa dawa, KMP_DUPLICATE_LIB_OK=TRUE, na katika sentensi ileile unakiri kwamba dawa hiyo si salama, na kwamba huenda ikakupa majibu yasiyo sahihi kimyakimya. Watafiti wengi husoma mpaka kwenye TRUE.

Waungwana wanaopika resipe hizo nao wana vituko vyao. Mtu anahitaji maktaba ndogo ambayo haipo conda-forge. Anaandika faili: jina, toleo, alama ya uhakiki ya sha256, vitegemezi, leseni. Roboti inayojitambulisha kuwa ni rafiki inamrudishia kazi kwa sababu amesahau faili la leseni. Anarekebisha. Mkaguzi wa kujitolea, pengine katika saa zake za usiku, anaomba marekebisho mengine mawili, kisha resipe inapita. Chini ya faili kuna sehemu ya watunzaji, naye ameandika jina lake bila kufikiri sana, kama mtu anayesaini daftari la wageni.

Kuanzia siku hiyo roboti nyingine haimwachi. Maktaba ikitoa toleo jipya, roboti inaleta ombi la mabadiliko. Toleo jipya la Python likija, inaleta tena. NumPy 2.0 ilipotoka Juni 2024, toleo kuu jipya la kwanza tangu 2006, vifurushi vilivyojengwa juu ya NumPy ya zamani ilibidi vijengwe upya, na maombi yakamiminika kwa watunzaji ambao baadhi yao walikuwa wameshabadilisha kazi, wengine hata fani. Wengi walibonyeza kukubali na kuendelea na shughuli zao. Watumiaji hawakujua lolote, ila kwa yule mtunzaji aliyechelewa siku tatu: huyo alipata barua yake ya kwanza tangu ajiunge, na haikuwa na salamu. Iliuliza tu mbona toleo jipya bado.